Maswali ya Wasomaji: Bastola Ndogo, Nguo za Pwani na Hewa ya Chumvi

Mwezi huu barua kutoka Malindi na Lamu zimetujia nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: bastola ndogo ya bei nafuu, ya kubebwa ndani ya nguo bila kuonekana. Tumechagua saba. Wote walioandika, isipokuwa mmoja, wanasema tayari wana cheti cha kumiliki silaha au wameidhinishwa kukipata, na tunawajibu kwa msingi huo. Kwa msomaji mwingine yeyote, njia ni moja tu: maombi kwa Bodi ya Leseni za Silaha kupitia eCitizen, cheti cha tabia njema, uchunguzi wa afya ya akili, ithibati kwamba unajua kutumia silaha, na usaili. Hayo ndiyo matakwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Anayekuahidi bastola bila hayo anakuuzia kesi.

*Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi. Hufunga saa mbili usiku na kwenda nyumbani kwa miguu. Nataka bastola ndogo kabisa, isiyo ghali. Rafiki yangu mmoja aniambia nichukue ya .380, mwingine asema 9mm na si chini ya hapo. Nimfuate nani?* (Mwenye duka, Barani)

Mfuate wa pili, ila sikiliza sababu kwanza, maana wa kwanza naye hakukosea kabisa.

Risasi ya 9mm, ile ya milimita 9 kwa 19 ambayo asili yake ni Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, ikitoka kwenye mtutu mfupi wa sentimita 8 hivi hubeba nguvu ya takriban juli 400. Ya .380, ambayo ni milimita 9 kwa 17, ikitoka kwenye mtutu wa urefu kama huo hubeba juli 200 na kidogo. Karibu nusu. Zina unene mmoja na kwa macho ya haraka zinafanana, lakini haziingiliani. Usikubali kuuziwa pakiti ya moja kwa bastola ya nyingine. Zaidi ya nguvu kuna bei: 9mm ndiyo risasi inayotengenezwa kwa wingi kuliko zote za bastola duniani, kwa hiyo mara nyingi ni rahisi kupatikana na rahisi mfukoni. Mtu anayetaka bei nafuu asitazame bei ya chuma peke yake, atazame bei ya risasi za mazoezi.

Sasa udogo. Watu hudhani bastola ikiwa ndogo ndiyo rahisi kutumia. Ni kinyume chake. Ruger LCP ya .380 ina uzito wa gramu 270 tu bila risasi, unaweza kuisahau mfukoni. Lakini ukiipiga, teke lake linaingia lote kiganjani kwa sababu hakuna uzito wa kulimeza, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na shabaha (alama za kulengea juu ya bastola) ya mbele na ya nyuma zimekaribiana mno hivi kwamba kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kwenye karatasi. Hizi ni bastola za mtu aliyezoea. Mgeni akianza nayo huogopa teke, akaanza kufumba macho na kuvuta mkono chini kabla ya mlio, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo kwako tungependekeza kipimo cha katikati: mtutu wa sentimita 8 hadi 9, unene usiozidi sentimita 3, uzito wa gramu 500 hadi 620. Hapo kuna majina matatu utakayokutana nayo. Glock 43, iliyotoka mwaka 2015, ina takriban gramu 510 pamoja na magazini (kasha la risasi) tupu, unene wa milimita 27, na magazini ya risasi 6. SIG P365 ya mwaka 2018 ina uzito karibu huo huo lakini magazini yake hubeba 10, na hiyo ndiyo iliyobadilisha fikra za watu kuhusu bastola ndogo. Taurus G2C ya Brazili ni nene na nzito kidogo, gramu 620 hivi, hubeba risasi 12, ina sefti ya kidole, na kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini kati ya tatu hizo. Kifyatulio chake ni kirefu na hakina ulaini wa zile mbili, ila ni bastola ya kazi. Ukiletewa Taurus ya zamani ya mkono wa pili, hasa PT-111 za kabla ya muundo huu, uliza habari zake kwa makini: mwaka 2015 kampuni ilifikia maafikiano mahakamani Marekani kuhusu madai kwamba baadhi ya miundo yake ya wakati ule huweza kulia ikianguka.

Usimalize fedha zote kwenye bastola. Katika kila shilingi mia ulizotenga, sitini ziwe za bastola, na arubaini zilizobaki ziende kwenye ala nzuri, mkanda imara, sefu na risasi za mazoezi. Bastola ya Taurus yenye ala nzuri na mwenye kuizoea ni bora mara nyingi kuliko Glock iliyochomekwa kiunoni bila ala.

Na kabla hujalipa, ishike. Funga macho, inyooshe mbele, fungua macho. Kama shabaha ya mbele imekaa ndani ya mwanya wa nyuma, mkono wako na bastola hiyo vinapatana. Kama imepanda juu au imepinda kando kila mara, jaribu nyingine. Kisha omba kuipiga uwanjani. Kwa mwendo wa mita 5, risasi 5 katika sekunde 5 zikae zote ndani ya karatasi ya A5. Ukishindwa na ndogo ukaweza na ile kubwa kidogo, jibu umelipata mwenyewe.

Neno la mwisho kuhusu safari yako ya usiku: mauzo ya siku yapelekwe kwa wakala au kwenye simu kabla ya kufunga. Mtu asiyebeba fedha hana la kuviziwa. Na ujue kuta za mabati na udongo za mtaani hazizuii risasi ya 9mm. Nyuma ya kila unachokilenga kuna nyumba ya mtu.

*Mimi ni mtu wa kanzu na kikoi. Suruali huivaa nikienda Mombasa tu. Nitaibebaje bila watu wa mtaa mzima kuijua?* (Msomaji, Langoni, Lamu)

Swali hili ndilo linalosahaulika na wauzaji wengi, kwa sababu karibu vifaa vyote vya kubebea bastola vimebuniwa kwa mtu aliyevaa suruali ya jinzi na mkanda wa ngozi.

Tuanze na kikoi. Kikoi hushikwa na mkunjo wake tu. Ukichomeka bastola ya nusu kilo pale kwenye mkunjo, itashuka kidogo kidogo kwa kila hatua, na ukipanda ngazi za nyumba za Lamu itaponyoka. Hatari kubwa zaidi ni ile ya kuirudisha: ncha ya kikoi, uzi wa mfumo, au upindo wa kanzu ukiingia ndani ya kizio cha kifyatulio wakati unaisukuma chini, kitambaa kinakuwa kidole. Bastola italia ikielekea paja lako. Ajali za namna hii zimewatokea watu wenye uzoefu, nao walikuwa wamevaa nguo za kawaida, sembuse nguo iliyojaa mikunjo.

Mfuko wa kanzu nao haufai. Pamba yake ni nyepesi, bastola huning'inia na kupigapiga goti, na jua la saa kumi likiwa nyuma yako umbo lake lote linasomeka.

Kinachofaa ni hiki. Chini ya kanzu vaa kaptura yenye vitanzi vya mkanda na mkanda mgumu wa upana wa milimita 38. Mkanda laini wa kawaida hujipinda, na bastola huinama nje. Kwenye mkanda huo weka ala ya plastiki ngumu, ile inayoitwa kaideksi, iingie upande wa ndani wa kaptura. Ala lazima ifunike kifyatulio chote, kushoto na kulia, ibaki wazi mdomoni hata bastola ikitolewa, na ishike bastola ukiipindua chini juu na kuitikisa, bila risasi, juu ya godoro. Ikishindwa jaribio moja kati ya hayo, irudishe dukani. Asiyeweza kaptura, kuna mkanda mpana wa kitambaa cha kuvutika unaozunguka tumbo. Ununue ule wenye ganda gumu la kufunika kifyatulio, maana wa kitambaa kitupu kidole cha mtu mwingine kinaweza kukifyatua kwa nje.

Mahali pa kuiweka kiunoni: nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, mpini ukielekea nyuma na kuinamishwa mbele kidogo. Kanzu huanguka wima kutoka mabegani, kwa hiyo hapo nyonga huficha vizuri. Mbele ya tumbo huficha zaidi, ila mwenye kitambi hawezi kuketi, na mdomo wa mtutu unaelekea mahali ambapo hakuna mtu anayetaka uelekee.

Shida ya kanzu ni kuitoa bastola, kwa kuwa haina mpasuko wa mbele. Kanzu nyingi zina mpasuko wa pembeni penye mfuko. Fundi cherehani anaweza kuufungua mfuko upande wa kulia ukawa tundu la kupitisha mkono hadi kiunoni. Bila hivyo itabidi uinyanyue kanzu nzima kwa mkono wa kushoto hadi kifuani, na hilo lina kazi. Lizoee nyumbani, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, mpaka mikono yote miwili ijue njia yake.

Swala utaulizwa, basi tulijibu kabisa. Ukirukuu, mpini huchomoza mgongoni; ukisujudu, ala ya mbele hukuchoma na ya nyonga huonyesha umbo lake kwa safu nzima iliyo nyuma yako. Wengine huitoa wakaiacha kwenye kiatu, kwenye mkoba, au kwa kijana wa dukani. Yote matatu ni makosa, na la tatu ni kosa la jinai, kwa kuwa kijana huyo hana cheti. Iache nyumbani kwenye sefu kabla ya kutoka. Misikiti ya Mji wa Kale iko hatua chache kutoka nyumba nyingi.

*Bastola yangu haijafika mwaka na tayari ina madoa ya kahawia kwenye shabaha na chini ya slaidi. Muuzaji alisema ni ya chuma kisichoshika kutu. Nimedanganywa?* (Msomaji, Shela, Lamu)

Hukudanganywa, uliambiwa nusu ya habari. Chuma cha stenlesi huchelewa kushika kutu, hakikatai. Chumvi ndiyo adui wake hasa: huvunja ule utando mwembamba unaokilinda, na kutu huanza kwa vitundu vidogo vinavyochimba ndani badala ya kusambaa juu. Na hata slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza nyuma na mbele, ikiwa stenlesi, springi, pini, magazini na shabaha mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi.

Kuna chumvi mbili zinazokushambulia. Ya kwanza ni ya hewa ya bahari, inayofika hata kabatini. Ya pili ni ya jasho lako, nayo ni kali zaidi kwa sababu inakaa palepale, saa kumi kwa siku, kwenye joto la mwili. Ndiyo maana madoa yako yako upande unaogusa ngozi. Geuza bastola uangalie: bila shaka upande wa nje ni safi.

Madoa mepesi hutoka kwa mafuta na kitambaa kigumu, au brashi ya nailoni. Tia tone moja juu ya doa, subiri dakika kumi, sugua taratibu. Usitumie msasa wala waya wa chuma. Utaondoa rangi iliyobaki na kutu itarudi kwa kasi. Doa likiwa limechimba hadi kucha inakwama, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, hasa likiwa kwenye mtutu au kwenye njia za slaidi.

Baada ya hapo ni utaratibu. Kila jioni ukiivua, toa magazini, vuta slaidi, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu kwa jicho na kwa ncha ya kidole, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo nje pote. Ni kazi ya dakika moja. Mara moja kwa wiki ifungue: slaidi, mtutu, springi. Futa jasho lililokauka, tia tone moja kwenye kila njia ya slaidi na moja pale mtutu unaposuguana na slaidi, basi. Mafuta mengi hukusanya vumbi na nyuzi za nguo, yakawa tope. Wakati wa kusi, hewa ikiwa na unyevu wa mvua, fanya hivyo mara mbili kwa wiki.

Mafuta gani? Mafuta ya nazi hayafai, ingawa tunajua nyumba ambazo visu na mapanga hupakwa hayo tangu zamani. Hugeuka nta kila joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakikaa sana huwa utomvu unaoganda kwenye pini ya kugonga fataki, yaani kiwashio kilicho nyuma ya risasi. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa dharura, ila hukauka upesi. WD-40 kazi yake ni kufukuza maji. Ukiitumia, ifute kisha upake mafuta halisi ya silaha. Ndani ya magazini usitie mafuta kabisa. Pafute pakavu, kwa kuwa mafuta yakipenya kwenye fataki ya risasi, risasi hiyo haitalia siku unayoihitaji.

Ala ya ngozi ni ya kutembelea, si ya kuhifadhia. Ngozi hunyonya jasho na kulishika, na dawa zilizotumika kuitengeneza huunguza shaba: toa risasi zilizokaa miezi ndani ya ala au mkanda wa ngozi, utaziona zina ukijani. Risasi zenye ukijani usizipige, zipeleke kwa muuzaji aziharibu. Ndani ya sefu weka vifuko vya chembe za kukausha hewa, na ujue vinashiba. Hapa pwani vifuko hushiba upesi. Chembe zikibadilika rangi, zikaushe kwenye jiko la oveni nyuzi 120 kwa saa mbili hadi tatu, zirudi kazini.

*Shemeji ananishauri ninunue rivolva ndogo kwa sababu siwezi kuvuta slaidi ya bastola. Mikono yangu haina nguvu tangu ugonjwa wa viungo. Je, niko sawa?* (Mama wa gesti, Malindi)

Mama, shemeji ana nia njema, lakini rivolva ndogo itakuhamishia shida kutoka mkononi hadi kidoleni. Rivolva ya aina ya Smith & Wesson 642 ni nyepesi, gramu 400 na kidogo, hubeba risasi 5, haina slaidi ya kuvuta. Kifyatulio chake lakini hutaka nguvu ya karibu kilo 5 na nusu, mara mbili ya Glock ya kawaida, na kwa uzito ule teke lake ni kali. Kidole chenye maumivu ya viungo hakitakupa risasi ya pili.

Kwanza jaribu kubadilisha namna ya kuvuta. Wengi hushika nyuma ya slaidi kwa vidole viwili wakaivuta kama wanafungua chupa. Badala yake, isogeze bastola karibu na kifua, mdomo ukielekea mahali salama mbele yako na si kwa mtu aliye kando, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Funika slaidi kwa kiganja chote cha kushoto kwa juu, nyuma ya tundu linalotoa maganda. Sasa mkono wa kulia usukume bastola mbele kwa nguvu, wa kushoto ukibaki pale pale. Nguvu inatoka begani. Slaidi ikifika mwisho, iachilie; ukiisindikiza polepole, risasi haitaingia vizuri.

Ikishindikana, kuna Shield EZ ya Smith & Wesson, iliyobuniwa makusudi kwa mikono isiyo na nguvu, ya .380 mwaka 2018 na ya 9mm mwaka 2020. Ni kubwa kidogo, ila hapo ndipo ulaini wake ulipo. Kwako wewe .380 si aibu. Ujihadhari na bastola ndogo za .380 za muundo wa zamani kama Walther PPK: mtutu wake hauna kifungo, slaidi hushikiliwa na springi na uzito wake tu, kwa hiyo springi ni ngumu na teke ni kali kuliko ulivyotegemea. Glock 42 ya .380 ina kifungo, nayo ni laini.

Mkoba wa mkononi usiwe mahali pa kuiweka. Mkoba huwekwa mezani, huazimwa, hunyakuliwa na wa pikipiki.

*Bwana mmoja anahama, anataka kuniuzia Ceska yake kwa bei nzuri. Nikague nini?* (Msomaji, Malindi)

Kagua karatasi kabla ya chuma. Bastola haihami mkono kwa mkono hata mkiwa ndugu; uhamisho hupitia Bodi, na kwa kawaida bastola hukabidhiwa kwa muuzaji mwenye leseni mpaka cheti chako kitajwe namba yake. Namba iliyo kwenye fremu, slaidi na mtutu ilingane na iliyo kwenye cheti chake. Namba iliyosuguliwa ni sababu ya kuondoka hapo hapo.

Kisha chuma, kwa huyo muuzaji mwenye leseni. Bastola ikiwa tupu na imefunguliwa, tazama mtutu dhidi ya mwanga. Mifereji iwe na kona kali. Ukiona pete nyeusi mahali pamoja, mtutu umevimba, risasi iliwahi kukwama ndani na nyingine ikapigwa nyuma yake. Acha. Tazama njia za slaidi kama zina nyufa. Tazama midomo ya magazini kama imepanuka au kupasuka, kwa sababu bastola nyingi zinazokwama ugonjwa wao uko kwenye magazini. Koki, weka sefti, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachilie, ondoa sefti: nyundo isianguke. Mwisho, inyooshe juu, tumbukiza penseli yenye kifutio mtutuni, kifutio kikitangulia, fyatua. Penseli iruke. Ikijikuna tu, pini au springi yake imechoka.

Springi kuu badilisha bila kuuliza ilipigwa risasi ngapi. Ila fikiri: kama Ceska hiyo ni CZ 75 ya kawaida, mtutu wake ni sentimita 12 na uzito unakaribia kilo moja. Ni bastola nzuri sana kuipiga, kwa sababu ya uzito huo huo. Kuibeba chini ya shati la mikono mifupi Malindi, mwezi wa Februari, ni habari nyingine.

*Marehemu baba ameacha rivolva kwenye sanduku. Hatujui la kufanya.* (Familia, Lamu)

Poleni kwa msiba. Cheti cha marehemu hakirithiwi. Msiitembeze njiani: pigieni simu kituo cha polisi, waelezeni, na waje kuichukua au wawaelekeze namna ya kuifikisha, pamoja na risasi zote na cheti chake. Chukueni stakabadhi yenye namba ya silaha. Anayeitaka katika familia aombe cheti chake mwenyewe.

*Nimebeba miezi sita chemba ikiwa tupu, mwalimu wangu wa shabaha asema risasi iwe chembani. Nyumbani nina watoto watatu. Nani ana haki?* (Mwenye boti, Mokowe)

Mwalimu yuko sawa kwa mtu mwenye ala ngumu iliyofunika kifyatulio na mazoezi ya kutosha, kwa sababu kukoki wakati wa hatari hutaka mikono miwili, na mmoja huenda unamsukuma mtu. Kama bado unachomeka kwenye mkanda wa kitambaa, chemba ibaki tupu mpaka ununue ala. Na bastola mpya isiaminiwe kabla ya kupiga risasi 200 bila kukwama, 50 za mwisho ziwe za aina ile ile utakayobeba. Ganda likisimama wima kwenye tundu la slaidi, mara nyingi kiwiko na kifundo vimelegea. Bastola ndogo hudai mkono mgumu ili slaidi irudi yote. Springi za hizi ndogo pia huchoka mapema. Kwa P365 hubadilishwa kila risasi 2,500.

Kuna jambo moja ambalo wabebaji wa kila siku hawalioni. Ukitoa risasi chembani kila jioni kwa ajili ya watoto, na asubuhi ukairudisha ile ile, kila mara kichwa chake hugonga njia ya mtutu na kusukumwa ndani ya ganda. Risasi ikifupika hivyo, baruti inabanwa na shinikizo hupanda kupita kiasi. Iweke risasi hiyo mezani kando ya mpya ya pakiti ile ile. Ikiwa fupi hata nusu milimita, isitumike tena. Itie alama kwa kalamu, na ukishaiingiza chembani mara mbili, ibadilishe.

Au uepuke kabisa kuitoa: jioni iingize bastola sefuni ikiwa ndani ya ala yake, kifyatulio kimefunikwa, risasi chembani, sefu imefungwa kwa namba na si kwa ufunguo ambao watoto watatu wataupata ulipo. Sefu ipigwe boliti ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe hushika boliti ya milimita 10 ikiingia sentimita 8 na kujazwa saruji. Botini usiiache kamwe, hata ndani ya kasha. Ikinyeshewa na maji ya bahari, toa risasi zote uziweke kando za kuharibiwa, ifungue usiku huo huo, isuuze kwa maji matamu mengi pamoja na magazini, ikaushe kwa kitambaa na upepo, ndipo mafuta. Ukingoja asubuhi, springi zitakuwa zimeanza kuwa nyekundu.